Parachuti ya Watoto ya Kutengeneza Nyumbani: Hatua kwa Hatua, na Mbona Yako Haifunguki

Kila shule zikifunga naulizwa maswali yale yale. Nitumie nini na majuala yamepigwa marufuku? Mbona ya mwanangu inashuka imejikunja? Nyuzi ziwe ngapi? Na hakosi yule mzazi wa Jumapili saa tatu usiku, mtoto ana kazi ya sayansi ya kupeleka kesho asubuhi na ndo amekumbuka saa hii. Basi naandika yote hapa mara moja, na jirani akikuuliza mpe asome mwenyewe.

Kitu kimoja nakwambia kabla ya makasi na gundi. Kutengeneza parachuti si kazi, ni nusu saa imekwisha. Kazi yenyewe ni kujaribu, na kujaribu kuna sharti moja tu, nalo ni kwamba kila mara unabadilisha kitu kimoja, vingine vyote unaviacha vilivyokuwa. Ukibadilisha ukubwa wa kitambaa na uzito kwa pamoja halafu ikashuka polepole, hutajua ni kipi kilichosaidia, na mtoto pia hatajua, mtakuwa mmecheza tu. Kucheza si vibaya lakini kuna tiara kwa hiyo kazi.

Mtoto wa kuanzia miaka mitano anaweza, akisaidiwa kukata na kufunga mafundo. Wa miaka minane kwenda juu mwachie afanye karibu yote, wewe kaa karibu ufunge mdomo (hii ndo sehemu ngumu kwa wazazi).

VITU VYA KUTAFUTA KABLA HUJAANZA

Kitambaa au karatasi ya juu. Hapa ndo maswali yanakuwa mengi, kwa hivyo nitakaa kidogo. Mifuko ya nailoni ya kubebea imepigwa marufuku Kenya tangu tarehe 28 Agosti 2017, kwa hivyo zile video za nje za "chukua mfuko wa supamaketi" hazitusaidii. Lakini nailoni ya kufungia bidhaa bado ipo majumbani: karatasi ya mkate, nailoni iliyokuja na shati jipya, na bora kuliko zote ile nyembamba ndefu ambayo dobi wa mashine anafunikia suti na kanzu. Ukiwa nayo hiyo huna haja ya kutafuta zaidi.

Huna? Mwavuli uliovunjika. Kila nyumba ya Mombasa ina mwavuli mmoja uliopinduliwa na upepo mvua za Mei, umesimama nyuma ya mlango hakuna anaejua wa nini. Fumua kile kitambaa kwenye zile nyaya, osha chumvi na vumbi, kausha, tayari. Vipande vya bitana kutoka kwa fundi cherehani pia ni vizuri, na mabaki ya kitambaa chepesi cha buibui, mafundi wanavyo tele na wengi wanakupa bure ukiomba kwa adabu na usiwasumbue wakiwa na nguo za Idi.

Leso usikate. Kwanza ni nzito, pili utajibu kwa mwenyewe.

Kitambaa chochote ukikipata kipime hivi: kiweke mdomoni kimenyooka, puliza. Pumzi ikipita mpaka uisikie kwenye kiganja upande wa pili, kitambaa hicho kinavuja hewa, parachuti yake itakuwa dhaifu. Mtandio wa shifoni unafeli hapa, shashi inafeli, kitambaa cha mwavuli kinapita kwa maksi zote. Wape watoto wapime wenyewe, wanapenda, na tayari wameshaanza sayansi bila kuambiwa.

Gazeti nalo linafaa kama huna kingine, ila ni zito kuliko linavyoonekana, na miezi ya mvua hewa yetu ya unyevu inalilegeza likawa halina nguvu pembeni. Litumie kwa kulinganisha tu.

Vingine ni rahisi:
- Uzi. Wa cherehani unajisokota sana, bora wa tiara au ule wa pamba mnene kidogo. Mshipi wa kuvulia samaki uache, unateleza, mafundo yanafunguka, na unakata vidole vya watoto.
- Makasi, rula, kalamu ya wino mzito, selotepu.
- Daftari la shule lenye jalada gumu (utaona la nini).
- Uzito. Nati kutoka kwa fundi baiskeli ndio bora manake zina tundu la kufungia na zinalingana. Ukikosa tumia sarafu za aina moja, za shilingi tano tano au kumi kumi usichanganye, zifunge kwenye kijipande cha nailoni.
- Simu yenye kuhesabu sekunde, na kama ina video ya polepole ni afadhali zaidi.
- Karatasi ya kuandikia matokeo.

MAHALI NA WAKATI

Hili watu hawaliulizi na ndilo linawaharibia. Ndani ya nyumba ni bora kuliko nje, na ngazi za ndani za gorofa ni bora kuliko vyote, hasa zile zenye uwazi katikati unaoona mpaka chini. Nyumba za Mji wa Kale zenye behewa ndani, yaani ule uwa wa katikati ya nyumba, hapo umepata maabara ya bure.

ZIMA FENI. Naandika kwa herufi kubwa manake sisi feni tunaisahau kwamba inazunguka, inakaa hapo juu Januari mpaka Disemba, na parachuti ikipita chini yake inasukumwa vibaya mtoto anadhani ameharibu yeye.

Ukilazimika kutoka nje, toka asubuhi mapema kabla ya upepo wa bahari kuamka. Kufikia alasiri, kama uko Kizingo au Nyali karibu na pwani, sahau, na miezi ya kusi hata saa nne ya asubuhi imeshakuwa shida. Pale Mama Ngina kando ya bahari jioni ni pazuri kwa tiara na mihogo ya kukaanga, kwa parachuti ya kupima sekunde hapana, utaifuata kwenye mawe.

MAONYO MATATU, YASOME USIRUKE

Moja, hakuna mtoto anaechungulia roshani wala kupanda juu ya dari ya gorofa. Kama kuna kuangusha kutoka juu anaangusha mtu mzima, watoto wako chini wanapima. Mbili, nailoni na watoto wadogo: kipande chochote kikubwa kinaweza kufunika uso, na nyuzi haziendi shingoni, zikiisha kutumika zinakusanywa. Tatu, na hili ni la kweli kabisa, siku hiyo hiyo kuna mtoto mmoja atapata wazo la kuruka ukutani na mwavuli au na leso. Mwambie kabla hajajaribu, kwamba kitambaa cha kumshusha mtu salama ni kikubwa kuliko sebule yenu, na kile cha mwavuli hakimpunguzii chochote cha maana, atavunjika mguu.

HATUA

1. Anza na karatasi mbili, parachuti baadaye.

Chukua karatasi mbili sawa za daftari. Moja ifinye iwe donge, nyingine iache ilivyo. Kabla hujaangusha, uliza: ipi itafika kwanza, na kwa nini? Wengi watasema "lile donge mana ni zito". Hapo usiseme kitu. Wape mikononi zote mbili, wakumbushe zimetoka daftari moja, uzito ni ule ule. Halafu angusha zote kwa pamoja mkiwa mmesimama. Donge linafika, karatasi bado inayumba hewani. Sasa uliza tena kwa nini, na safari hii waache wabishane.

Kama kuna nafasi, watoto wawili washike leso ncha nne waisimamishe wima wakimbie nayo uani. Wataisikia ikivuta nyuma. Halafu waikunje wakimbie tena. Basi, hiyo ndo nadharia nzima ya leo, hewa ni kitu na inasukuma, ukiwa mpana inakusukuma zaidi. Mengine nitayasema kidogo huko mbele kwa wanaopenda.

2. Kata duara (kwa kweli ni pembe nane).

Kata mraba wa sentimita 40 kwa 40. Ukunje nusu, ukunje nusu tena, sasa una mraba mdogo wa sentimita 20. Tafuta ile pembe ambayo ndio katikati ya kitambaa kizima, yaani ile iliyofungika, isiyo na ncha zilizo wazi. Kutoka hapo kunja mshazari iwe pembetatu. Pima sentimita 20 kutoka kwenye ile ncha ya katikati kwa kila upande, weka alama mbili, chora mstari kuziunganisha, kata. Ukifungua unapata umbo la pembe nane zilizo sawa, na mikunjo yenyewe inakuonyesha pembe zilipo.

Kosa la hapa: mtu anashika pembe ya wazi badala ya ile ya katikati, anakata, anafungua anapata vipande vinne. Kwa hivyo kabla ya makasi fungua kidogo uangalie.

3. Imarisha pembe.

Nailoni na karatasi: bandika kipande kidogo cha selotepu kwenye kila pembe, kipinde kishike pande zote mbili, ndo utoboe tundu katikati ya selotepu. Ukitoboa bila kuimarisha itachanika wakati wa kufunga ama mbaya zaidi itachanika ikiwa angani mbele ya watoto wote. Kitambaa hakishiki selotepu vizuri, hasa na jasho letu hili, hicho kitie tundu kwa sindano au funga fundo dogo kwenye pembe yenyewe uzi upite nyuma ya fundo.

4. Kata nyuzi zilizo sawa kabisa.

Hii ndo hatua inayoua parachuti nyingi. Watu wanapima kwa macho. Usipime kwa macho, wala usipime moja moja kwa rula, chukua lile daftari lenye jalada gumu, zungushia uzi kwa urefu wake, juu mpaka chini, mizunguko minane bila kuvuta sana, halafu kata zote kwa mara moja kwenye ukingo mmoja. Daftari la kawaida linakupa nyuzi za kama sentimita 40 na kitu kidogo, na huo ndio urefu tunaoutaka, karibu sawa na upana wa kitambaa.

Nyuzi nane kwa pembe nane. Mtoto mdogo akichoka tumia nne, pembe moja ndio moja hapana, itafanya kazi pia.

5. Funga, kusanya, angalia.

Funga kila uzi kwenye pembe yake, ukiacha mkia mdogo ule ule kwa kila fundo. Sasa ndo ujanja: mtoto mmoja ashike katikati ya kitambaa kwa vidole viwili akiinue juu, nyuzi zote zinaning'inia. Wewe zikusanye chini, zivute taratibu zilingane, zifunge fundo moja kwenye ncha. Kabla hujakaza kabisa angalia: kuna uzi uliolegea? Kuna mmoja umekaza zaidi ya wenzake? Rekebisha hapo hapo. Uzi mmoja mfupi kwa sentimita mbili unatosha kuifanya parachuti ilale upande na kushuka kwa kuzunguka zunguka.

6. Weka uzito.

Anza na nati moja au sarafu mbili. Ifunge kwenye fundo la nyuzi isicheze cheze.

7. Mwangusho wa kwanza.

Shika katikati ya kitambaa, acha ining'inie imefunga, inua mkono mpaka mwisho, achia. Usirushe. Usiizungushe. Usiikunje na kuirusha juu, hiyo ni mchezo wa baadae. Shika hivyo hivyo kila mara mpaka mwisho wa zoezi, manake ukibadilisha namna ya kushika umeshabadilisha kitu cha pili.

Kutoka kwa mkono wa mtoto aliesimama chini haitapata nafasi ya kufunguka vizuri. Unahitaji kama mita tatu hivi, kwa hivyo mtu mzima asimame kwenye ngazi ya juu au kwenye kiti kigumu kinachoshikwa na mwengine.

8. Pima sekunde.

Nati tupu bila parachuti kutoka mita tatu inachukua chini kidogo ya sekunde 0.8. Mtoto hawezi kuibonyeza simu kwa usahihi huo, kidole chenyewe kinachelewa, kwa hivyo msishangae mkipata majibu ya ajabu. Parachuti ya sentimita 40 yenye uzito mdogo inapaswa kukaa hewani sekunde mbili na zaidi, hapo hata kidole cha mtoto kinaweza. Ukiwa na video rekodi, halafu rudini mhesabu.

Angusha mara tatu kwa kila namna, chukua lile jibu la katikati. La juu sana na la chini sana liache. Na simu ashike mtoto mmoja yule yule, usiwabadilishe katikati hata wakigombana, wabadilishane mkimaliza raundi nzima.

9. Sasa badilisha, kimoja kimoja.

Kila kabla ya kuangusha, kila mtoto aseme kitatokea nini na kiandikwe, na akishasema harudi nyuma. Hii ndo inawakamata. Mtoto aliesema hadharani kwamba kubwa itashuka haraka ataitazama ile parachuti kwa macho yote mawili.

Ukubwa. Tengeneza ya pili ya upana wa sentimita 20, kitambaa kile kile, nati ile ile. Watoto watakwambia ni nusu ya ile nyengine. Zilalishe moja juu ya nyengine waone, ndogo inaingia kwenye kubwa mara nne kwa eneo. Itashuka kwa haraka kiasi cha karibu mara mbili. Jaribio hili likienda sawa ndilo zuri kuliko yote, na kama una muda wa moja tu fanya hili.

Uzito. Rudi kwenye ile ya 40. Nati moja, kisha mbili, kisha nne. Itaongeza kasi, lakini wengi wanategemea nne zishuke mara nne haraka na haiwi hivyo. Waulize kwa nini, jibu liko mbele kwenye nadharia.

Urefu wa nyuzi. Zifupishe ziwe sentimita 15. Utaona kitambaa hakitanuki, nyuzi zinakivuta ndani. Ukizirefusha sana nazo zinashikana kabla ya kufunguka.

Kitambaa. Pembe nane ya gazeti, ya nailoni, ya mwavuli, zote 40. Hapa mwambie mtoto ukweli kwamba si kitu kimoja kilichobadilika, gazeti ni zito zaidi pia. Mkiwa na mzani wa jikoni wa kidijitali ongezeni sarafu kwenye ile ya nailoni mpaka uzito wote ulingane, ndo mlinganishe kwa haki. Wale wa darasa la sita na kwenda juu wanaielewa hii vizuri mno.

Tundu la katikati. Kunja tena kitambaa ile pembetatu, kata ncha kidogo sana, upate tundu la kama sentimita mbili. Watoto wote watasema itaanguka haraka mana hewa inatoka. Itaongeza kasi kidogo tu, lakini angalia jinsi inavyoshuka, ile kuyumba kushoto kulia inapungua. Bila tundu hewa iliyojaa ndani inatafuta pa kutokea, inachomoka upande mmoja, kitambaa kinainama, halafu upande wa pili. Tarehe 22 Oktoba 1797 Mfaransa André-Jacques Garnerin alijiachia kutoka kwenye puto juu ya mji wa Paris kwa parachuti ya hariri isiyo na tundu, ikambembea vibaya njia nzima mpaka chini, na akafika mzima. Waliokuja nyuma wakaanza kuacha tundu juu. Watoto wangu wa mtaani hiki kisa wanakipenda kuliko parachuti zenyewe.

10. Shindano la mwisho (hiari, lakini utalazimishwa).

Kila mtoto anapewa biskuti moja nyepesi ya kukatika kirahisi, kitambaa cha ukubwa anaotaka, na nyuzi. Biskuti inafungwa kwenye karatasi na kushushwa kutoka ngazi ile ile. Iliyofika nzima imeshinda, zilizovunjika zinaliwa pia kwa hivyo hakuna wa kulia. Mwenye kitambaa kizima cha mwavuli anaweza kujaribu yai, ndani ya soksi, juu ya mchanga au godoro, sio sementi, na likiwa limechemshwa mama mwenye nyumba atakushukuru.

NADHARIA KWA ANAEULIZWA "KWA NINI" MARA TATU

Kitu kinapoanguka dunia inakivuta chini, hewa inakizuia kwa kukisukuma juu. Kadiri kinavyoenda haraka ndivyo hewa inavyozuia zaidi, mpaka inafika mahali kuzuiwa kunalingana na uzito, kuanzia hapo kasi haiongezeki tena, inabaki ile ile mpaka chini. Parachuti inafika mahali hapo mapema, kwa kasi ndogo. Ukubwa wa upana ukizidishwa mara mbili, eneo linakuwa mara nne na kasi inashuka nusu. Uzito wote ukizidishwa mara nne kasi inapanda mara mbili tu, si nne, na hilo ndilo jibu la nati.

Na kama hewa haipo? Mwaka 1971 David Scott wa Apollo 15 alisimama mwezini na nyundo mkono mmoja, unyoya wa ndege mkono wa pili, akaviachia kwa pamoja. Vikafika chini pamoja. Kwenye mwezi parachuti yako nzuri yote hii haina kazi, uliza watoto kwanza watasema nini halafu ndo uwaonyeshe video, ipo.

IKIKATAA

Inashuka imefunga kama ilivyotoka mkononi. Mara nyingi ni urefu mdogo wa kuangushia, panda juu zaidi. Kama umepanda na bado, kitambaa ni kigumu au kinene, ama uzito ni mdogo mno hauwezi kuzivuta nyuzi zikakaza. Ndio, uzito mdogo mno pia ni tatizo, ongeza nati moja uone.

Nailoni imejigandamiza yenyewe. Ipeperushe mara mbili tatu, na mikono ikiwa na jasho kausha. Ikiwa imekunjwa siku nyingi mfukoni inyooshe kwa kiganja juu ya meza, pasi usiweke itayeyuka na pasi itaharibika.

Inazunguka njia nzima. Uzi mmoja ni mfupi, au uzito umefungwa upande badala ya katikati. Ning'iniza tena kama hatua ya 5, utauona mara moja.

Inaenda pembeni badala ya chini. Feni. Kama si feni ni dirisha. Kama ni nje, subiri kesho asubuhi.

Inayumba sana. Ongeza tundu la juu, au refusha nyuzi kidogo. Tundu usilikuze kwa hasira, likipita sentimita nne kwenye kitambaa cha 40 unaanza kuipoteza parachuti.

Nyuzi zimefungamana. Usimpe mtoto azivute. Shika fundo la chini, fuata uzi mmoja mmoja kutoka juu. Kuzuia hilo siku nyengine, ukimaliza zungushia nyuzi kwenye kipande cha boksi, usizitie mfukoni hivi hivi.

Majibu ya sekunde hayaeleweki, mara ndogo imeshinda kubwa. Tazama ni nani ameshika simu na ni nani anaangusha, kama wanabadilishana kila mara hiyo ndo sababu. Hesabuni kwa sauti "tatu, mbili, moja, achia" na mwenye simu abonyeze kwenye "achia", asisubiri kuona.

Mtoto anataka kutupa zote mana yake imeshindwa. Mpe ile ya mwenzake iliyofaulu azilaze pamoja atafute tofauti. Usimtengenezee wewe. Mwalimu akiona parachuti ya kazi ya shule imekatwa sawa sawa kwa rula na mafundo ya baharia anajua ni ya baba, na mtoto akiulizwa kwa nini ina tundu juu hatakuwa na la kusema. Apeleke ile iliyopinda pamoja na ile karatasi ya sekunde, ile karatasi ina thamani zaidi.

Mkimaliza zoazoa nyuzi zote na vipande vya nailoni, hasa kama mlikuwa nje. Paka wa mtaa wanazichezea na kuzimeza, kunguru wanafungika miguu, na zinazobaki mvua ikinyesha zinashuka mtaroni mpaka baharini. Nati rudisha kwa fundi.